Oda zinachelewa na stoo imejaa bomba: tununue mashine au tupige hesabu kwanza?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia uzalishaji kwenye kiwanda kidogo cha vitanda vya chuma vya deka hapa Dar es Salaam, na wateja wetu wakubwa ni shule za bweni. Tuna mashine moja ya kukatia bomba, mafundi wa kuchomelea, na tanuri moja la rangi ya unga linalochoma vitanda vinne kwa saa. Kubadili rangi, pamoja na kusafisha, kunachukua saa moja na nusu. Oda zinazoingia ni kama vitanda 115 kwa wiki, lakini karibu kila oda inachelewa wiki mbili au tatu. Vipande vilivyokatwa vimejaa sakafuni, fremu zisizopakwa rangi zimepangwa hadi nje, na bado mafundi wanalalamika hawana vipande. Mkurugenzi anataka kununua mashine ya pili ya kukatia. Kuna jamaa anatuuzia programu ya MRP, ya kupanga malighafi. Nimesikia hesabu yote inaweza kuigwa kwenye Excel kwanza. Ni kweli? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, na kwa kiwanda cha ukubwa wenu Excel inatosha kwa muda mrefu kuliko watakavyokuambia wauza programu. Ila kabla hujafungua kompyuta, mwombe mkurugenzi asilipie mashine hiyo kwanza. Vipande vimejaa sakafuni, na papo hapo mafundi hawana vipande. Hapo tatizo haliwezi kuwa uvivu wa mashine. Mashine inakata, tena sana, lakini inakata kisichotakiwa wiki hii. Fundi akishaifunga kwa kipimo cha nguzo anaona afadhali akate nguzo za mwezi mzima kuliko kuifungua na kuirekebisha tena kesho. Mashine ya pili italiongeza rundo hilo.

Sasa hesabu yenyewe. MRP, yaani upangaji wa mahitaji ya malighafi, iliendelezwa na Joseph Orlicky wa kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani, na kampuni ya Black & Decker ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia, mwaka 1964. Wazo lake ni jepesi: usibashiri kitu unachoweza kukikokotoa. Idadi ya vitanda ambavyo shule zitataka Januari unaweza kuibashiri. Idadi ya nguzo, bomba na nati haibashiriwi, kwa sababu inatoka moja kwa moja kwenye idadi ya vitanda. Ukishajua vitanda vingapi na lini, unarudi nyuma hatua kwa hatua: ninahitaji nini, ninacho kiasi gani, kilichopungua ni kiasi gani, na nilipaswa kukianza lini ili kiwahi.

Tutumie kitanda cha mfano, nawe uweke vipimo vyenu. Kitanda kina fremu mbili, ya kichwani na ya miguuni. Kila fremu ina nguzo mbili za mita 1.8 na vipande vinne vya kukingama vya mita 0.9, vyote vya bomba lilelile la mraba linalouzwa kwa urefu wa mita 6. Hapa ndipo viwanda vingi hukosea kabla hata ya kuanza. Mhasibu anajumlisha mita: kitanda kimoja kinakula mita 14.4, vitanda 120 ni mita 1,728, gawanya kwa sita, agiza bomba 288. Lakini bomba la mita 6 linatoa nguzo tatu na kubakiza sentimita 60, au vipande sita vya kukingama na kubakiza sentimita 60 zilezile. Nguzo 480 zinataka bomba 160, vipande 960 vya kukingama vinataka bomba nyingine 160, jumla 320. Kwa zile 288 utafika kitanda cha 108 na kusimama. Vitanda 12 vya mwisho vinasubiri bomba 32 ambazo hakuna aliyeziagiza, shule haipokei oda nusu, na pembeni mnasema msambazaji ametuangusha. (Vibaki vya sentimita 60 msivitupe. Vikatwe viwili viwili viwe vipandio vya ngazi, na viingizwe kwenye orodha ya vipande kama chanzo halali, siyo zawadi ya fundi.)

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuandika upya orodha ya vipande kwa jinsi chuma kinavyokatwa hasa, kisha kuhesabu stoo kwa mkono. Washauri wa MRP tangu zamani hudai hesabu ya stoo iwe sahihi angalau asilimia 95 na orodha ya vipande asilimia 98, na mimi siwaoni kama wanazidisha. Uigaji, yaani kukijaribu kiwanda kwenye hesabu kabla ya kukigusa chenyewe, ukijengwa juu ya stoo ya kukisia utakupa jibu safi la swali la kiwanda kingine.

Kila kipande kiwe na jedwali lake, na wiki ziende kulia. Mistari ni mitano: mahitaji, mzigo ulioagizwa unaoingia, baki ya stoo, upungufu, na oda ya kutoa. Upungufu wa wiki ni mahitaji ukitoa baki ya wiki iliyopita na mzigo unaoingia, na jibu likishuka chini ya sifuri unaandika sifuri. Oda ya kutoa ni upungufu huohuo uliorudishwa nyuma kwa muda wa kungoja, yaani wiki zinazopita tangu kuagiza au kuanza kazi hadi kitu kiwe tayari.

Tujaribu. Shule inataka vitanda 120 wiki ya 8. Kufunga na kupaka rangi kunapewa wiki moja, kwa hiyo fremu 240 ziwepo wiki ya 7. Mna fremu 60 tayari, zinapungua 180. Kuchomelea nako ni wiki moja, kwa hiyo bomba zake ziwepo wiki ya 6. Fremu 180 zinataka nguzo 360 na vipande 720 vya kukingama, sawa na bomba 240. Stoo ina 90, upungufu ni 150. Msambazaji anachukua wiki tatu, basi oda ya bomba 150 ilipaswa kutoka wiki ya 3. Kama leo ni wiki ya 4, oda hii imeshachelewa wiki nzima kabla ya fundi yeyote kuwasha mashine. Ratiba yenu ya ukutani haiwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa imeandikwa tarehe ya kumaliza tu.

Sasa ongeza oda ya shule ya pili inayotumia bomba lilelile. Zile 90 za stoo ni za nani? Katika viwanda vingi ni za wote wawili. Msimamizi wa oda ya kwanza ameziona, wa oda ya pili ameziona, kila mmoja akajihesabia. Ndiyo maana stoo inaonekana imejaa na bado mnakwama: sehemu ya bomba zile zina mwenyewe, na nyingine ni za kipimo ambacho hakuna oda inayokitaka mwezi huu. Jedwali moja kwa kila kipande, likijumlisha mahitaji ya oda zote, linaumaliza ugomvi huo siku hiyohiyo.

Hadi hapo umefanya MRP, bado hujafanya uigaji. Usiruke hatua inayofuata: irudishe hesabu miezi mitatu nyuma. Weka oda zilivyoingia, stoo ilivyokuwa, tarehe mlizopanga, uone jedwali linasema oda zingetoka lini. Nakuhakikishia litasema nyingi zingewahi. Lakini hazikuwahi, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta. Hesabu ya MRP ina dhana mbili ndani yake: kwamba muda wa kungoja haubadiliki, na kwamba kiwanda hakina kikomo. Ukiiambia kuchomelea ni wiki moja, ni wiki moja kwa fremu 20 na wiki moja kwa fremu 900.

Tuivunje dhana ya kwanza. Fungua mafaili ya manunuzi, andika msambazaji alichukua wiki ngapi kila mara mlipoagiza. Tuseme mara kumi za mwisho ni 2, 2, 2, 3, 2, 6, 3, 2, 5, 3. Wastani ni wiki tatu kamili, na bila shaka ndiyo namba iliyo kwenye ratiba yenu. Lakini hakuna anayecheleweshwa na wastani. Mara nane mzigo ulifika ndani ya wiki tatu; mara mbili zilizobaki ulikawia kwa wiki mbili na tatu zaidi, na siku hizo mbili ndizo mkurugenzi anazozikumbuka. Kwenye Excel usiweke 3. Weka fomula inayochomoa namba moja kwa bahati nasibu kutoka safu hiyo: =INDEX(safu, RANDBETWEEN(1,10)), ukibadili "safu" iwe anwani ya seli zenu. Fanya hivyo kwa kila kitu kinachonunuliwa, nakili mstari mara 1,000, kisha hesabu ni mara ngapi oda iliwahi. Jibu sasa halitakuwa tarehe, litakuwa uwezekano: tukiagiza leo, kati ya mara 1,000 tunawahi mara kadhaa. Mkurugenzi atalielewa hilo kuliko jedwali lolote la rangi.

Jambo moja litakushtua hapo. Kitanda kinataka bomba, engo, flatibaa, bolti na rangi. Kila kimoja kikiwahi mara 9 kati ya 10, unadhani mko vizuri. Vyote vitano kuwahi pamoja ni 0.9 mara yenyewe mara tano, yaani 0.59. Vikiwa kumi inashuka hadi 0.35. Ni kikao cha harusi: hakianzi mpaka mweka hazina afike, hata kama wajumbe wengine wote waliwahi viti. Kwa hiyo msipoteze fedha kuongeza akiba ya bomba, ambalo ni ghali na linakula nafasi, wakati kinachowakwamisha ni bolti. Akiba kubwa ya bolti na nati ni bei ndogo kuliko siku moja ya mafundi kukaa.

Dhana ya pili ndiyo nzito, na kwenu nadhani ndiyo chanzo. Umesema fremu zisizopakwa zimepangwa hadi nje. Foleni huwa mbele ya anayezidiwa, kwa hiyo twende kwenye tanuri.

Wiki ya kazi tuihesabu saa 45. Mkibadili rangi mara tatu kwa wiki, mnapoteza saa 4.5, zinabaki 40.5, tanuri linaweza vitanda 162. Kwa vitanda 115 linafanya kazi asilimia 71 ya uwezo wake. Mkibadili rangi mara kumi, mnapoteza saa 15, zinabaki 30, uwezo ni vitanda 120. Vitanda ni vilevile 115, lakini sasa tanuri liko asilimia 96. Kwa jicho la mkurugenzi hali zote mbili ni sawa: uwezo unazidi mahitaji. Kwa foleni si sawa hata kidogo. Mwaka 1961 John Kingman, mwanahisabati Mwingereza, alitoa kanuni ya makadirio ambayo bado tunaitegemea: muda wa kungoja kwenye foleni unakua kwa uwiano wa mzigo kwa nafasi iliyobaki. Kwa asilimia 71 uwiano huo (71 gawanya kwa 29) ni kama 2.4. Kwa 96 ni kama 23. Tanuri ni lilelile, watu ni walewale, ila foleni imekaribia kuwa mara kumi.

Na kwa nini mnabadili rangi mara nyingi hivyo? Fuatilia wiki moja utaona. Oda ya bluu imeingia tanurini nusu, ikakosa vipandio vya ngazi. Msimamizi hataki tanuri lilale, anaingiza ya kijivu. Saa nane simu inatoka ofisini: kuna shule imekasirika, ya kwao ni kijani, ipite leo. Jioni vipandio vya bluu vimepatikana, rudi kwenye bluu. Rangi zimebadilika mara tatu kwa siku moja, saa 4.5 zimekwenda. Foleni inarefuka, oda nyingine nazo zinachelewa, simu zinaongezeka. Mwishoni mtu mwenye nia njema anasema, "Basi tuanze kila oda wiki mbili mapema." Mnaanza mapema, sakafu inajaa zaidi, foleni inarefuka, na wiki mbili hazitoshi tena. Ugonjwa huu unajulikana tangu miaka ya mwanzo ya MRP, na hakuna programu inayouponya, kwa sababu programu itaamini muda wowote utakaoijazia.

Kuna kipimo cha haraka mnachoweza kufanya leo mchana. Hesabuni kazi zote zilizoanza na hazijatoka, mzigeuze kuwa vitanda. Tuseme mmekuta vya kutosha vitanda 345. Mnatoa 115 kwa wiki. Gawanya: kila kitanda kinakaa kiwandani wiki tatu. Hiyo ni kanuni iliyothibitishwa na John Little, Mmarekani aliyekuja kufundisha chuo kikuu cha MIT, nayo ni ya 1961, na haijali mmepanga nini kwenye karatasi. Ratiba inayomwahidi mteja wiki moja ya kuchomelea na moja ya rangi, wakati sakafuni kuna kazi ya wiki tatu, imeshavunja ahadi.

Kuliiga tanuri kwenye Excel ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kila kazi mstari wake: imefika tanurini saa ngapi, vitanda vingapi, rangi gani. Muda wa kuanza ni ule mkubwa kati ya saa iliyofika na saa kazi iliyotangulia ilipomaliza. Fomula ya MAX inatosha. Muda wa kazi ni vitanda gawanya kwa nne, ongeza 1.5 kama rangi si ile ya mstari wa juu. Jumlisha, umepata saa ya kumaliza. Chukua kazi za mwezi uliopita kwa mpangilio zilivyoingia kweli, uone kama foleni inafanana na iliyotokea. Ikifanana, modeli yako, yaani hesabu hii inayoiga tanuri, ni ya kuaminika. Isipofanana kuna kitu hujakiingiza, na mara nyingi ni umeme kukatika au gesi kuisha. Kiingize nacho kwa namna ileile ya kuchomoa kutoka kumbukumbu zenu.

Ukishakuwa na modeli inayofanana na mwezi uliopita, ndipo uanze kuichezea. Jaribu la kwanza liwe la mkurugenzi, kwa heshima na kwa siasa: ongeza mashine ya kukatia, yaani fanya vipande vifike mapema, uone vitanda vinatoka lini. Kama nilivyoelewa maelezo yako, fremu zitafika kwenye foleni mapema na kungoja zaidi. La pili, panga rangi kwa siku: bluu Jumatatu na Jumanne, kijivu Jumatano na Alhamisi, nyingine zote Ijumaa. Tahadhari moja: oda ya kijani iliyofika Jumamosi itakaa karibu wiki nzima, kwa hiyo angalia asilimia ya oda zilizowahi, usiangalie tu vitanda vilivyotoka. La tatu ndilo nalipenda zaidi: oda isianze kukatwa mpaka vifaa vyake vyote viwe stoo, na zisizidi kiasi fulani sakafuni kwa wakati mmoja. Weka kikomo cha vitanda 230, kisha 180, utazame. Mafundi watalalamika wiki ya kwanza kwamba wamekaa bure, na mkurugenzi atakuwa mgumu kwa sababu kwa macho yake kiwanda kizuri ni kile ambacho kila mtu ameinama. Mwonyeshe kwenye modeli. Kinachoweka mpaka wa uzalishaji wenu ni tanuri. Fundi anayechomelea fremu ambayo tanuri litaifikia baada ya wiki tatu anatumia bomba la oda nyingine.

Badilisha jambo moja kwa kila jaribio. Ukigeuza matatu kwa pamoja hutajua lipi lilisaidia, na mkurugenzi atasema ni lile lake.

Utakapoanza kuitumia hesabu kila wiki, utagundua pia kwamba inatetemeka. Shule ikibadili oda kutoka 120 kwenda 126, tarehe za bomba, engo na flatibaa zote zinaruka, na ununuzi wanapata orodha mpya kila Jumatatu hadi wanaacha kuiamini. Fungeni wiki mbili za mbele: ndani yake hakuna kubadili idadi wala rangi bila saini ya mtu mmoja anayejulikana, na mtu huyo asiwe wa mauzo.

Kuhusu jamaa wa programu, msimfukuze. Baada ya miezi kadhaa oda zikiwa nyingi, faili la Excel litaanza kuwa zito, na likishachezewa na watu watatu ni rahisi kuharibika. Siku hiyo mpe orodha yenu ya vipande na oda za wiki nane, mwambie aziendeshe mbele yenu. Muulize programu inafanya nini tanuri likizidiwa. Akisema inatoa taarifa ya mzigo tu, mjue tarehe mtazisogeza wenyewe kwa mkono. Muulize kama inaweza kupanga kazi kwa rangi, na kama muda wa kungoja unaweza kuwa safu ya namba au lazima iwe moja. Kisha linganisha majibu yake na ya Excel yako kwa oda zilezile. Zikitofautiana, mkae hapo hadi mjue ni kwa nini, kabla ya kuzungumza bei.

Na fedha ya mashine ya kukatia, kama mkurugenzi lazima aitumie mwaka huu, mwombe aulize bei ya bunduki ya pili ya kunyunyizia rangi ya unga na kibanda chake. Kubadili rangi kukishuka kutoka saa moja na nusu hadi nusu saa, zile mara kumi kwa wiki zinakula saa 5 badala ya 15, na uwezo wa tanuri unapanda kutoka vitanda 120 hadi 160. Ingiza 0.5 kwenye safu ya modeli palipo na 1.5, umwite aje aangalie.